Papa Pio XI, padri aliyepanda milima ya theluji

Katika Kongo yetu theluji isiyokwisha haionekani ila mahali pamoja. Mtu akisimama Mutwanga asubuhi mapema, kabla ya mawingu kupanda, anaweza kuona weupe unaong'aa juu ya milima ya Ruwenzori. Si mawe meupe, wala si ukungu. Ni theluji na barafu. Kilele kirefu kupita vyote kinaitwa Margherita, nacho kina metre 5109. Siku hizi weupe ule unapungua mwaka kwa mwaka kwa sababu dunia inapata joto. Zamani ulishuka chini zaidi.

Huko Ulaya iko milima mingi ya namna ile. Imepangwa safu kwa safu kati ya Italia, Ufaransa, Uswisi na Austria, nayo inaitwa Alpi. Hii ni habari ya mtu aliyeijua milima hiyo kama mwindaji ajuavyo pori lake. Jina lake alilopewa na wazazi ni Achille Ratti. Alikuwa padri, tena mtunza vitabu, na mwishowe akawa Baba Mtakatifu Pio XI.

Alizaliwa tarehe 31 Mei 1857 katika mji mdogo wa Desio, karibu na Milano, upande wa kaskazini wa Italia. Baba yake, Francesco, alikuwa na kazi katika kiwanda cha kufuma hariri. Mama yake aliitwa Teresa. Ndugu mmoja wa baba yake alikuwa padri, paroko wa kijiji cha Asso, mahali penye vilima na ziwa. Huko ndiko mtoto Achille alikopelekwa wakati wa likizo, akajifunza kupanda na kushuka. Akaingia seminari, akasoma sana. Tarehe 20 Desemba 1879 alipewa upadri kule Roma. Alirudi Milano kufundisha wanaseminari, na mwaka 1888 akapewa kazi katika nyumba kubwa ya vitabu ya Milano, iitwayo Ambrosiana. Kutwa nzima alikaa na vitabu vya kale, vingine vimeandikwa kwa mkono miaka 1000 iliyopita, akifungua kurasa zake polepole zisichanike.

Hali ya hewa ikiwa safi, mtu wa Milano akitazama kaskazini anaona mlima mkubwa mweupe. Unaitwa Monte Rosa. Ni wa pili kwa urefu katika Alpi zote, nao kilele chake cha juu, Dufour, kina metre 4634. Padri Ratti aliutazama kila mara. Mwaka ule wa 1888 akaingia katika chama cha wapanda milima cha Italia.

Kabla ya kuendelea, inafaa watoto waelewe theluji ni kitu gani, kwani asiyejua hayo hataona hatari ilikuwa wapi.

Theluji haianguki kama mvua. Inashuka polepole kama unga unaopepetwa, bila sauti. Mahali pa baridi inalala palepale ilipoanguka. Kesho ikianguka nyingine inalala juu ya ile ya jana, na ya kesho kutwa juu yake, hata ikawa kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Wakati mwingine mikeka hiyo inashikamana vizuri, na mtu anaweza kukanyaga bila hofu. Wakati mwingine, kwa ajili ya baridi kali, katikati yake unabaki mkeka mmoja dhaifu, wenye chembe kavu zisizoshikana. Mtu akitandika mkeka juu ya punje za ulezi, katika ubao ulioinama, mkeka utakaa? Utakaa mpaka kitu kiuguse. Halafu utateleza wote mara moja.

Ndivyo inavyokuwa mlimani. Mtelemko mzima wa theluji unapasuka juu, unaanza kushuka, unabeba theluji nyingine, na mawe, na miti, na nyumba zikiwa njiani. Haya ndiyo maporomoko ya theluji. Yale makubwa yanaweza kwenda mbio kupita kilometre 200 kwa saa, na upepo wake peke yake unaangusha miti kabla theluji haijafika. Mahali panapoinama kidogo hapana hatari sana, kwa kuwa theluji haina nguvu ya kuteleza. Mahali palipo wima kama ukuta theluji haikai nyingi. Hatari kubwa ipo katikati, pale mtelemko ulipo kama paa la nyumba ya nyasi, maana yake kati ya digrii 30 na 45. Na hapo ndipo wapandaji wengi wanapotaka kupita!

Upepo nao ni adui. Unafagia theluji ya upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, ambapo mgeni anadhani pametulia. Hata juu kabisa, kwenye ukingo wa mlima, unajenga kipaa cha theluji kinachotokeza mbele hewani bila nguzo. Asiyejua anatembea juu yake akidhani kuna mwamba chini, kumbe hapana kitu. Jua vilevile linaharibu. Usiku theluji inaganda, inakuwa ngumu, na mawe yaliyomo hayatoki. Jua likipanda inalainika, inalowa maji, inakuwa nzito, inaachia. Kwa hiyo watu wa milima wanaondoka saa za usiku wa manane, nao wanataka kuwa wamekwisha kupita mahali pabaya kabla ya jua kupata nguvu. Na theluji mpya ikianguka nyingi hawatoki kabisa. Wanangoja siku moja, mbili, tatu, hata iwe imekaa vizuri.

Mtu akifunikwa na maporomoko, ile theluji iliyokuwa laini kama pamba inashindiliwa kama udongo wa sakafu. Hawezi kuinua mkono, hata kidole. Hewa ya kupumua ni ile tu iliyobaki mbele ya uso wake. Wenzake wakimfukua katika dakika 15 za kwanza, mara nyingi wanamkuta yu hai. Dakika hizo zikipita, tumaini linapungua upesi. Siku hizi wapandaji wanavaa kifuani radio ndogo inayoita chini ya theluji, tena wanachukua fimbo ndefu ya kuchomea na koleo. Zamani za Padri Ratti vitu hivi havikuwako. Walikuwa na kamba, shoka la barafu, viatu vyenye misumari, na akili zao.

Sasa turudi kwenye Monte Rosa. Upande wa mashariki mlima huu unashuka kama ukuta mmoja wa theluji, barafu na mawe, kimo chake zaidi ya metre 2000. Katika Alpi hakuna ukuta mrefu kuliko huo. Chini yake kuna kijiji cha Macugnaga. Katikati ya ukuta umechimbika mfereji mkubwa, na kila kitu kinachoanguka kutoka juu kinapita humo: theluji, vipande vya barafu vikubwa kama nyumba, na mawe. Mtu akitaka kupanda kwa njia hiyo hana budi kukata mfereji ule kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine.

Watu wa kwanza waliopanda ukuta huo walifaulu mwaka 1872. Mmoja wao alikuwa kiongozi hodari, Ferdinand Imseng. Mwaka 1881, mwezi wa Agosti, Imseng akarudi pamoja na Mwitalia Damiano Marinelli na kiongozi mwingine, Battista Pedranzini. Walikuwa wakipita katika mfereji alasiri, baada ya jua kuipasha joto theluji ya juu mchana kutwa. Maporomoko yakaja. Wote watatu wakafa. Mchukuzi wao mmoja tu ndiye aliyeokoka. Imseng hakuwa mgeni wa mlima ule. Aliujua kuliko watu wote. Tangu siku ile mfereji unaitwa mfereji wa Marinelli, na nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa karibu nao, kwenye kimo kama cha metre 3000, ilipewa jina lake vilevile.

Basi njia hiyo ndiyo aliyoichagua Padri Ratti mwaka 1889.

Labda mtu atasema kwamba padri yule alikuwa anamjaribu Mungu. Lakini tuangalie jinsi alivyojitayarisha. Alisoma kila kitu kilichoandikwa na wale waliopita mbele yake, kwa uangalifu uleule aliosoma vitabu vya kale. Alichunguza ni saa gani walipita mfereji, ni wapi walipumzika, ni wapi walikosea. Hakwenda peke yake. Alikwenda na rafiki yake, Padri Luigi Grasselli, naye mpandaji wa siku nyingi. Wakachukua viongozi wawili wa Courmayeur, Giuseppe Gadin na Alessio Proment, watu waliozaliwa mlimani na kulelewa mlimani. Padri Ratti alikuwa msomi mwenye digrii tatu za udaktari za Roma, lakini katika barafu alimtii Gadin, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza watu. Hilo nalo linafaa kuangaliwa.

Mwisho wa Julai walifika Macugnaga, wakapanda hata nyumba ya Marinelli, wakapumzika humo. Haikuwa nyumba ya raha: kuta za mawe na paa, basi. Hawakungoja mapambazuko. Tarehe 30 Julai, kama saa 7 ya usiku, wakajifunga kamba moja wote wanne, wakawasha taa, wakatoka gizani.

Kamba ile ilikuwa na kazi mbili. Katika mtelemko, mmoja akiteleza wengine wanamzuia. Na juu ya barafu kubwa, ambayo ni kama mto uliogandishwa unaotembea polepole sana, kuna nyufa zenye kina cha makumi ya metre. Theluji inazifunika juu kama majani yanavyofunika shimo la kutegea nyama. Mtu akitumbukia, anabaki ananing'inia kwenye kamba, na wenzake wanamvuta.

Mfereji waliukata gizani, wakati barafu ilikuwa imeshika kila kitu. Gadin alitangulia akichonga ngazi kwa shoka, hatua moja, halafu nyingine, na kila mmoja akaweka mguu pale mwenzake alipoutoa. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Mtu alikuwa akitega sikio upande wa juu na kuendelea na kazi yake. Wakavuka salama. Jua lilipotoka walikuwa wamekwisha kufika upande wa pili, kwenye mawe.

Lakini kuvuka mfereji kulikuwa mwanzo tu. Ukuta uliobaki ulikuwa mrefu, na jua liliifanya theluji kuwa mbaya. Kutwa nzima walipanda, mara juu ya barafu ngumu, mara juu ya theluji isiyoshika mguu, mara kwenye mawe. Kufika kwenye ncha ya mashariki ya kilele ilikuwa karibu saa 2 ya jioni. Walikuwa wametembea saa 18 na zaidi. Giza lilikuwa linaingia, na upepo ulikuwa mkali.

Hapo walikuwa na njia mbili. Waliweza kuharakisha kushuka upande wa pili gizani, wakiwa wamechoka, bila kuona nyufa wala vipaa vya theluji vilivyo ukingoni. Au waliweza kukaa palepale, karibu metre 4600 juu ya bahari, bila hema, bila blanketi, bila moto. Wakachagua kukaa. Mtu asiyejua milima angechagua kushuka, maana baridi inaonekana na ufa hauonekani.

Walishuka kidogo chini ya ncha ili kukwepa upepo, wakapata mwamba wenye kibaraza chembamba. Kilikuwa chembamba hata mtu aliyekaa hakuweza kuinyosha miguu bila kuitundika hewani. Wakajifunga kwenye mwamba. Chakula walichokuwa nacho kiliharibika kwa baridi: kahawa ilikuwa barafu tupu, divai na mayai vilevile havikufaa tena. Wakala chokoleti kidogo na kunywa pombe kali kidogo, basi. Kulala hakukuruhusiwa. Mtu anayesinzia katika baridi ya namna ile damu yake inapoa polepole, hasikii maumivu, anaona raha, wala haamki tena. Kwa hiyo waliangaliana, wakaongea, wakapiga miguu chini mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuipiga wote pamoja.

Na bado Padri Ratti, alipoandika baadaye habari ya usiku ule, hakuandika kwa manung'uniko. Alieleza uzuri wa mbingu zilizojaa nyota, na ukimya mkubwa. Chini yao giza la bonde lilikatwa mara kwa mara na ngurumo ya maporomoko yaliyoshuka kule walikopita. Aliona ukuu wa Mungu kwa namna asiyoiona kwenye vitabu. Mtu mwenye meno yanayogongana kwa baridi, na bado anatazama nyota! Pengine hapo ndipo panapojulikana padri huyu alikuwa mtu wa namna gani.

Kulipopambazuka, tarehe 31 Julai, wote wanne walikuwa hai, na vidole vyao vizima. Wakapanda kilele cha Dufour chenyewe. Walikuwa kundi la kwanza la Waitalia kukifika kwa njia ya ukuta wa Macugnaga. Halafu hawakurudi nyuma, kwani kushuka mchana kwa njia ya mfereji kungekuwa wazimu. Walipita pengo lililo kati ya vilele viwili, liitwalo Zumstein, ambapo hakuna mtu aliyekuwa amevuka tangu upande mmoja hata wa pili, wakashuka juu ya mito ya barafu upande wa Uswisi. Giza likawakuta tena njiani, wakalala nje usiku wa pili. Siku iliyofuata wakaingia Zermatt kwa miguu yao. Baada ya siku chache Padri Ratti alikuwa tena mlimani, safari hii juu ya Matterhorn, mlima uliochongoka kama mkuki.

Mwaka uliofuata, 1890, alipanda Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alpi, pamoja na wenzake wa zamani. Katika kushuka walitafuta njia mpya upande wa Italia, juu ya mto wa barafu uitwao Dôme. Njia ile ilikuwa nzuri, na viongozi wengine wakaanza kuifuata.

Alikuwa na kawaida ya kuandika kila safari: saa ya kuondoka, hali ya theluji, mahali pa hatari, makosa ya kuepuka. Katika maandishi hayo alieleza kwamba kupanda milima kwa kweli si kutupa maisha ovyo. Ni kazi ya busara, ya moyo mtulivu, na ya kuheshimu nguvu za asili. Aliwacheka kidogo wale wanaodhani ujasiri ni kutojua hatari. Maandishi yake yalipigwa chapa katika magazeti ya chama cha wapandaji, na baadaye, alipokwisha kuwa Papa, yakakusanywa kuwa kitabu.

Kazi zake nyingine zinajulikana na wengi, na hapa zitatajwa upesi. Mwaka 1907 akawa mkubwa wa Ambrosiana, kisha akaitwa Roma kutunza vitabu vya Vatikano. Mwaka 1918 Papa Benedikto XV akamtuma Polonia, nchi iliyokuwa inafufuka baada ya vita. Mwaka 1920 majeshi ya Warusi yakakaribia Warshawa, na wajumbe wengi wa nchi nyingine wakauhama mji. Monsinyori Ratti akabaki. Waliomjua tangu zamani hawakushangaa sana. Mwaka 1921 akafanywa askofu mkuu wa Milano na kardinali, na tarehe 6 Februari 1922 makardinali wakamchagua kuwa Papa. Akajiita Pio, wa kumi na moja wa jina hilo.

Tangu mwaka 1870 Mapapa walikuwa hawatoki Vatikano, kwa ajili ya ugomvi na serikali ya Italia. Basi yule aliyelala karibu na kilele cha Monte Rosa alifungiwa ndani ya kuta, akatembea jioni katika bustani, akizunguka njia zilezile. Hali hiyo ikaendelea mpaka mwaka 1929, ugomvi ulipomalizwa kwa mapatano. Lakini hata hapo milima hakuirudia tena.

Sisi watu wa nchi za misioni tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mwaka 1926 aliwaandikia maaskofu wote kuhusu misioni, akataka kila nchi iwe na mapadri na maaskofu waliozaliwa humo. Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, aliwapa Wachina 6 uaskofu kwa mikono yake mwenyewe katika kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 1927 akamweka Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yezu awe msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri. Mwaka 1931 alifungua radio ya Vatikano, iliyojengwa na Marconi. Mwaka 1937 aliandika barua kali kwa Kijerumani dhidi ya mafundisho mabaya ya serikali ya Hitler, nayo ikasomwa makanisani Ujerumani siku moja.

Watu wa milima wanakumbuka barua nyingine, ya mwezi wa Agosti 1923. Aliiandika kwa askofu wa Annecy, katika Ufaransa, kwa heshima ya Mtakatifu Bernardo wa Menthon. Huyu Bernardo aliishi miaka 900 na zaidi iliyopita. Alikuwa padri mkubwa wa kanisa la Aosta, chini ya pengo moja la milima ambamo wasafiri na mahujaji walipita kwenda Roma. Wengi walikufa humo, wengine kwa wanyang'anyi, wengine kwa theluji. Bernardo akajenga nyumba ya wageni juu kabisa ya njia, kama metre 2470, na kuweka humo watumishi wa Mungu wa kuwapokea wote bila malipo. Nyumba ile ipo hata leo, na mlango wake haujaacha kuwapokea wasafiri. Wakati wa baridi kali wale mapadri walikuwa wakitoka kutafuta waliopotea, nao walifuga mbwa wakubwa wenye pua ya kumnusa mtu aliyefunikwa na theluji. Mbwa mmoja, Barry, aliyekufa mwaka 1814, anasifiwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. (Wachoraji wanapenda kuwachora mbwa wale na kipipa cha pombe shingoni, hicho ni cha wachoraji.) Katika barua ile Papa Pio XI alimfanya Mtakatifu Bernardo msimamizi wa wakaaji wa Alpi na wa wote wanaopanda milima. Akasifu kupanda milima kwa wale wanaokwepa upumbavu wa kujitupa hatarini. Ni nadra Papa kuandika juu ya jambo alilolifanya kwa mikono na miguu yake hivyo.

Kwenye Monte Rosa kuna mambo mawili yanayotugusa. Kilele chake kimoja kinaitwa Gnifetti, kwa jina la paroko wa kijiji cha Alagna aliyekifikia mwaka 1842. Kwa hiyo Padri Ratti hakuwa padri wa kwanza kupanda huko. Juu ya kilele kile ilijengwa nyumba, na mwaka 1893 malkia wa Italia alipanda mwenyewe kuifungua. Nyumba ikaitwa kwa jina lake, Margherita. Miaka 13 baadaye mtu wa ukoo wa mfalme wa Italia, Luigi wa Savoia, alifika kwetu, akapanda kilele cha juu cha Ruwenzori kwanza kabla ya wote, nacho akakipa jina la malkia huyohuyo.

Ukuta wa Macugnaga haujatulia. Kwa ajili ya joto la dunia barafu iliyokuwa inashika mawe inayeyuka. Mwezi wa Agosti 2005 kipande kikubwa sana cha barafu kilianguka toka ukutani, na mwaka 2007 mawe mengi yakafuata. Njia ambazo zamani zilikuwa na theluji sasa zina mawe matupu yanayoanguka, na viongozi wa leo hawazitumii kwa saa zilezile walizozitumia babu zao.

Papa Pio XI alikufa tarehe 10 Februari 1939, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa chini ya kanisa la Mtakatifu Petro. Kule Mont Blanc, ile njia aliyoshuka mwaka 1890 inaitwa njia ya Papa. Wapandaji wanaotoka upande wa Italia wanaifuata hata leo. Wanalala katika nyumba ndogo iliyo juu ya barafu, wanaamshwa usiku, wanajifunga kamba, na kutoka na taa zao kabla jua halijaipata theluji.